Tozo ya Treni Zisizopita

Nchi ya Tutafika haiko mbali na popote. Ukiitafuta kwenye ramani utaipata pale penye doa la chai, na ukiuliza njia utaambiwa keti kwanza. Ni nchi yenye amani, bendera ndefu na wananchi wavumilivu, na ina desturi moja ambayo wageni huchelewa kuielewa: huko kila jengo hufunguliwa kwanza, ndipo likajengwa.

Sababu yake ni busara tupu. Viongozi wa Tutafika wana shughuli nyingi, na umri nao hauwasubiri. Ukingoja daraja likamilike ndipo umwite kiongozi akate utepe, huenda ukamkuta amestaafu, au amepinduliwa, na utepe umeliwa na panya. Kwa hiyo utepe hukatwa siku ya kwanza, juu ya nyasi, watu wakapiga makofi, na ujenzi ukaachiwa vizazi vijavyo. Hospitali Kuu ya Bandarini ilifunguliwa mara tatu na marais watatu, na hadi leo ni uwanja mzuri sana wa mpira.

Bi. Siwema Kirobo alizaliwa na kukulia katika desturi hiyo, wala hakuwa na neno nayo. Alikuwa karani wa tozo katika Shirika la Reli, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na kazini alikuwa na kasoro moja tu: alisoma mikataba. Wenzake waliitia sahihi. Yeye aliisoma, kalamu mkononi na karanga mezani, na wakubwa zake walimvumilia kama mtu anayekoroma.

Mumewe, Mzee Chande, alikuwa dereva wa Treni Namba Tisa, iliyotoka Bandarini kwenda Mtambani na kurudi, kila siku ya Mungu, kwa miaka thelathini na mmoja. Haikuwa treni ya kujivunia. Mabehewa yake sita yalikuwa na rangi sita, na injini yake ilikuwa na hasira za mgonjwa wa jino. Lakini ilibeba nyanya za Mtambani, walimu, wagonjwa wa kliniki na maharusi na makochi yao, na hakukuwa na njia nyingine ya kwenda upande ule, kwa sababu barabara ilikwisha kufunguliwa. Chande aliipenda treni ile kiasi cha kumtia mkewe wivu. Hata hivyo Siwema naye aliipenda, na hakuona haya kusema.

*

Wazo la handaki lilitoka kwa mama mkwe wa Mtukufu Rais. Bibi huyo alikaa Kisiwa cha Mkabala, maili kumi na nane kutoka pwani, pamoja na watu mia tisa na mbuzi wasiohesabika, na kila alipopanda boti kuja kumtembelea mkwewe alitapika njia nzima. Baraza la Mawaziri likakutana kwa dharura. Waziri mmoja kijana alipendekeza bibi apewe ndimu alambe. Akateuliwa kuwa balozi katika nchi yenye baridi. Waliobaki wakakubaliana kwa kauli moja kwamba Taifa linahitaji reli ipitayo chini ya bahari.

Fedha hazikuwepo, na jambo hilo lilimfurahisha sana Waziri wa Reli na Matumaini, Mheshimiwa Masudi Pazia, kwa kuwa lilimpa nafasi ya kuhutubia Bunge.

"Waheshimiwa," alisema, kifua mbele, "handaki hili ni mradi wa sekta binafsi kwa asilimia mia moja na ushee. Hakuna hata ndururu moja ya umma itakayozama baharini! Kampuni ya Chini kwa Chini italichimba, italimiliki, italipiga deki. Sisi kazi yetu ni kupita tu!"

Mbunge mmoja wa upande wa pili akasimama. "Kampuni hiyo itapata wapi fedha?"

"Itakopa kwa mabenki kumi na moja."

"Na mabenki yana uhakika gani wa kulipwa?"

"Shirika la Reli litalipa tozo ya kupita."

"Shirika la Reli ni la nani?"

"La umma."

"Basi, Mheshimiwa Spika..."

Spika akapiga kengele ya chai. Chai hiyo ilinywewa kwa siku nne, na Bunge liliporudi mbunge yule alikuwa Naibu Waziri wa Reli na Matumaini, na hakuwa na swali la nyongeza.

*

Mkataba ulikuwa na kurasa mia sita na kumi, na mtu wa kwanza kuusoma katika Tutafika nzima alikuwa Bi. Siwema. Ulimmalizia karanga kilo mbili.

Mle ndani aliikuta Tozo ya Kima cha Chini: Shirika lingelipia treni arobaini kila siku, zipite zisipite. Aliikuta tozo ya mwanga wa ndani, tozo ya unyevu, na tozo ndogo ya kupita chini ya samaki. Tena malipo yangeanza "siku ya ufunguzi rasmi". Wanasheria wa kampuni, watu wa ng'ambo, waliandika maneno hayo kwa nia safi kabisa, maana kwao ufunguzi huja mwisho. Siwema alipofika hapo aliacha kutafuna. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi ile.

Vigingi viwili vilichomekwa mchangani, utepe wa rangi za Taifa ukafungwa, na bendi ya polisi ikapiga wimbo wa Taifa, beti zote kumi na nne. Mtukufu akakata utepe kwa mkasi wa dhahabu, akautazama mchanga kwa muda mrefu, akasema, "Naliona handaki." Watu elfu tano wakaitikia kwamba nao wanaliona. Mzee mmoja aliyesema haoni vizuri alipelekwa Hospitali Kuu, ambako alicheza beki wa kushoto hadi jioni.

Jumatatu asubuhi hati ya madai ikatua mezani kwa Siwema: treni arobaini kwa Jumamosi, arobaini kwa Jumapili. Akaibeba mpaka kwa Waziri.

"Mheshimiwa, tunadaiwa kwa handaki ambalo halijachimbwa."

Waziri Pazia alimtazama kwa huruma, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Bi. Siwema, Mtukufu amelifungua au hakulifungua?"

"Amelifungua."

"Haya. Kitu ambacho hakipo kinaweza kufunguliwa?"

"Hakiwezi, lakini..."

"Basi kipo. Lipa."

Mwakilishi wa Kampuni ya Chini kwa Chini, Bwana Olafu, alikuwapo chumbani, mtu mrefu, mwekundu, mwenye adabu. Baadaye alikiri kwamba siku ile alikuja kuomba radhi, akidhani hati imetumwa mapema kwa makosa. Alipoona hundi inaandikwa aliacha kuomba radhi, na toka siku ile hakulitaja tena suala la kuchimba. Kwa nini achafue maji?

*

Mabenki kumi na moja yalifurahia malipo, lakini mabenki ni watu wa vitabu. Yaliandika kuomba kumbukumbu za treni zilizolipiwa. Hapo ndipo Wizara ilipounda Idara ya Treni za Kimkataba.

Zilikuwa arobaini, kila moja na namba yake, ratiba yake, dereva wake na mpishi wake. Mkuu wa stesheni ya Bandarini, Mzee Kilindo, aliamriwa asimame ukingoni mwa reli kwa kila treni, apige kengele, apunge bendera ya kijani na kusaluti reli tupu. Mwanzo aliona haya, akawa anatazama huku na huku. Baada ya wiki mbili alikuwa akizifokea zilizochelewa.

Kwa kuwa treni za kimkataba zililipiwa tozo kubwa, zilipewa haki ya njia. Namba Tisa, iliyolipa kidogo na kuonekana sana, ilitakiwa kuzipisha. Ilikuwa ikitoka stesheni hatua mia mbili inasimamishwa, abiria wanachungulia madirishani wakitazama hewa ikipita. Safari ya saa tatu ikawa ya saa tisa. Nyanya zikaanza kufika Bandarini zikiwa sosi.

Kisha fedha za dizeli zikaisha, zote zimekwenda kwenye tozo, na Waziri akaitisha mkutano wa waandishi wa habari.

"Treni moja inayoonekana," alisema, akinyoosha kidole kimoja, "inakunywa dizeli. Treni arobaini zisizoonekana hazinywi hata tone. Ndugu wananchi, nani kati yenu aliyesoma hesabu?" Waandishi wakapiga makofi. Siku hiyohiyo Namba Tisa ikafutwa kwenye daftari la treni za Taifa kwa mistari miwili ya wino mwekundu.

Chande hakufukuzwa. Serikali ya Tutafika haina roho mbaya hivyo. Alipandishwa cheo, akawa dereva wa Treni ya Kimkataba Namba Thelathini na Moja, na akapewa kiti cha plastiki ndani ya karakana. Kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alitakiwa kukaa juu ya kiti kile, kofia kichwani, mikono mbele. Hakuruhusiwa kusoma gazeti wala kusimama kujinyoosha, kwa sababu alikuwa safarini. Msimamizi alipita kila saa kuandika kasi yake.

"Leo umewahi kurudi," Siwema alimwambia jioni moja, ili mradi aseme neno.

"Nimewahi kwa sababu sikutoka," alijibu Chande, akavua kofia na kuitazama kama kitu cha mtu mwingine.

Alianza kukonda. Usingizini mkono wake wa kulia ulitafuta breki. Siwema alimwona akipotea taratibu mbele ya macho yake, na moyo ulimuuma hata akashindwa kula. Halafu kulikuwa na wanawake wauza nyanya wa Mtambani. Tisa kati yao, wakiongozwa na Mama Nasoro, waliachwa Bandarini treni ilipofutwa, na kwa wiki ya pili sasa walikuwa wamekaa stesheni na matenga yao matupu, wakingoja.

"Shoga," Mama Nasoro alimwita Siwema dirishani, "wewe si unakaa na makaratasi yao? Hebu tazama humo kama sisi tumeandikwa mahali."

Siwema alipanda ngazi. Alikuwa amekasirika mpaka masikio yanamvuma. Akaufungua mkataba upya, mara hii kuanzia nyuma.

*

Kifungu cha mia mbili na sita kilikuwa ukurasa wa mia tano na tisini, na kilisema hivi: ikitokea ajali ndani ya handaki, handaki lifungwe, na tozo zote zisimame, hadi mhandisi aingie humo kwa miguu yake mwenyewe na kuthibitisha kwamba ni salama.

Siwema alikisoma mara tatu. Kisha akavuta fomu ya taarifa za ajali, ambayo katika Shirika la Reli haikuwa adimu, akaandika kwa mwandiko wake safi: *Treni ya Kimkataba Namba Thelathini na Moja, saa tisa alasiri, imeacha reli katikati ya handaki.* Aliichagua Namba Thelathini na Moja kwa sababu alitaka mumewe ainuke kwenye kile kiti. Hakuwa na sababu nyingine. Akaigonga muhuri, akatuma nakala kumi na moja kwa mabenki kumi na moja.

Kesho yake aliitwa. Waziri Pazia alikuwa amekaa, Bwana Olafu amesimama, mwekundu zaidi ya kawaida yake, na kwenye simu ya mezani walikuwapo wawakilishi wa mabenki, wakisikiliza kila neno.

"Hakuna ajali iliyotokea!" alisema Bwana Olafu.

"Kwa nini, Bwana Olafu?" Siwema aliuliza kwa upole.

"Kwa sababu hakuna..." Waziri akakohoa kwa nguvu. Bwana Olafu akafumba mdomo, akaufumbua. "Kwa sababu hakuna taarifa za kutosha," alimalizia.

"Zipo ukurasa wa pili."

Ilikuwa wazi kwa wote waliokuwamo. Anayesema treni haikuanguka lazima aseme haikupita, na anayesema haikupita lazima akiri kwamba hapakuwa na pa kupita, na mwisho wa njia hiyo alikuwa amesimama Mtukufu na mkasi wake wa dhahabu. Waziri aliliona hilo haraka kuliko wote. Kisha akaona jambo la pili, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Msiba mkubwa umelipata Taifa," alisema polepole, akijaribu sauti. "Siku tatu za maombolezo. Tume ya uchunguzi, wajumbe thelathini, wakae hoteli ya ufukweni ili wawe karibu na tukio. Mnara. Bi. Siwema, umefanya vyema sana kutoa taarifa."

"Subirini," alisema Bwana Olafu. Alikuwa ameufungua mkataba, na Siwema alishtuka kuona kwamba naye alijua kuusoma. "Ukurasa wa nne, maana ya maneno. 'Ajali' ni tukio lililosababisha kifo. Pasipo maiti, hii ni hitilafu tu, na hitilafu haisimamishi tozo."

Ukurasa huo Siwema aliusoma mara moja tu, zamani. Mara hii, kwa kuanzia nyuma, alikuwa hajaufikia.

Waziri akavuta orodha. "Nani alikuwa ndani ya treni hiyo?" Akapitisha kidole. "Mpishi wa treni hii hakuwa ameajiriwa bado. Yupo dereva tu. Chande..." Akanyanyua macho. "Si ni mumeo huyu? Pole sana, mama. Pole sana. Cheti cha kifo kinahitaji sahihi ya mjane. Ukilete kesho kabla ya saa nne."

*

Chande alikuwa ua wa nyuma, juu ya mbuzi, akikuna nazi.

"Wanataka uwe umekufa," Siwema alimwambia.

Chande aliendelea kukuna. "Lini?"

"Jana. Saa tisa alasiri."

"Jana saa tisa nilikuwa kwenye kiti."

"Ndipo ulipofia."

Akaacha kukuna. Siwema akamweleza yote, kifungu kwa kifungu, bila kujificha: kwamba yeye ndiye aliyeiangusha ile treni, na kwamba hakurudia ukurasa wa nne.

"Na nisipokufa?"

"Usipokufa, hakuna ajali. Handaki liko wazi, tozo inaendelea, na wewe kesho saa mbili unarudi kwenye kiti."

"Na nikifa?"

"Tozo inasimama. Njia inakuwa tupu na dizeli inapatikana. Na hakuna mhandisi chini ya jua anayeweza kuingia mle kwa miguu yake akathibitisha chochote. Mpaka walichimbe kweli."

Chande alifuta mikono kwenye msuli wake. "Namba Tisa inaweza kutoka?"

"Inaweza. Ila wewe... Chande, mimi naogopa."

Aliogopa kweli. Hakuwa akiogopa polisi wala jela. Maisha yake yote alikuwa ameona karatasi ya serikali ilivyo na nguvu kuliko kitu chenyewe: ikisema jengo lipo, lipo, hata kama mbuzi wanalala hapo. Sasa karatasi ikisema Chande hayupo, nani angemrudisha? Machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.

"Mke wangu," Chande akasema, "mimi pale kwenye kile kiti ndipo nilipo maiti. Tia sahihi. Halafu tui lichujwe, njaa inaniuma."

Alitia sahihi mezani jikoni, huku marehemu akichuja tui.

*

Maziko yalifanyika ufukweni, kwa kuwa mwili ulikuwa umebaki ndani ya handaki. Wafanyakazi wote wa Shirika la Reli waliamriwa kuhudhuria, atakayekosa akatwe mshahara, kwa hiyo Chande alihudhuria, safu ya saba, shati limepigwa pasi.

"Alikuwa dereva," Mtukufu alisema kwa sauti nzito, "ambaye katika miaka yote ya utumishi wake katika handaki letu hakuchelewa hata dakika moja!" Bendi ikapiga. Waziri Pazia akalia kwa leso mbili. Hotuba ilikuwa nzuri, na Chande, ambaye serikali haikuwahi kumwambia hata ahsante akiwa hai, alijikuta akibubujikwa machozi, mpaka mtu wa safu ya sita akageuka kumuuliza kama alimfahamu marehemu. "Kidogo," Chande alisema.

Kesho yake asubuhi tozo ilisimama. Mzee Kilindo alifika stesheni, akakuta hana treni hata moja ya kupungia bendera, akakaa chini akiwa mpweke. Pipa la dizeli lilikuwa limejaa. Chande akaingia karakanani, akapita pembeni ya kiti cha plastiki, akapanda Namba Tisa na kuitukana injini kama ilivyozoea kutukanwa, na injini ikawaka.

Hakuna aliyemzuia. Katika Tutafika mfanyakazi huzuiwa kwa barua, na Ofisi ya Utumishi haikuwa na utaratibu wa kumwandikia marehemu. Wala Namba Tisa haikurudishwa daftarini, maana hilo lilihitaji sahihi ya Waziri, naye alikuwa kwenye tume. Basi ikaondoka vivyo hivyo, bila ratiba na bila kibali, Mama Nasoro na wenzake wakipiga vigelegele madirishani. Kwa kuwa hapakuwa na mtu mwenye mamlaka ya kuichelewesha, ilifika Mtambani kabla ya wakati, na wakazi wakadhani kuna vita.

Siwema hakuiona. Alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe, kwenye eda ya kitaifa.

*

Eda ya kitaifa ilikuwa miezi minne na siku kumi kama dini isemavyo, pamoja na siku arobaini zilizoongezwa na Wizara kwa usalama. Mjane wa Taifa hakutakiwa kwenda kazini, wala kutoka nje, wala kuwa na mwanamume nyumbani mwake. Akivunja masharti, cheti cha kifo kingekaguliwa upya.

Siwema aliikosa kazi yake kuliko alivyotarajia. Aliukosa mkataba wenyewe, akashangaa. Na majirani nao hawakumwonea huruma. "Marehemu hajapoa," walinong'onezana ukutani, kwa sauti ya kusikika, "na tayari kuna mwanamume anatoka kwake alfajiri akipiga miluzi." Wote walimjua huyo mwanamume. Walikuwa wamehudhuria maziko yake, wakala pilau, na mtu akila pilau ya msiba hawezi tena kurudi nyuma. Mmoja wao akaandika barua.

Ndipo siku ya Jumatano, saa saba mchana, Kamishna wa Wajane wa Taifa, Bi. Tunu Makarani, alipobisha hodi na kuingia bila kungoja karibu. Alikuwa mwanamke mkubwa mwenye mkoba mkubwa, na ndani ya mkoba yalikuwamo madaftari ya serikali yote yanayohusika. Chande alikuwa mkekani, akila wali na samaki kati ya safari ya asubuhi na ya mchana. Ukutani, juu ya kichwa chake, ilitundikwa picha kubwa ya marehemu iliyotolewa na Wizara, ikiwa na utepe mweusi.

Kamishna alimtazama mwanamume. Akaitazama picha. Akarudi kwa mwanamume, ambaye alikuwa anatoa mwiba mdomoni.

"Mjane," alisema, "huyu ni nani?"

Siwema alisimama katikati ya chumba. Akisema ni mumewe, cheti ni cha uongo, ajali haikutokea, na kabla ya magharibi Namba Tisa itakuwa imerudi karakanani na Chande juu ya kiti. Akisema si mumewe, amevunja eda. Alitafuta neno la tatu, na hakulipata, na mwishowe akachoka kutafuta akasema kweli iliyobaki.

"Ni dereva wa treni."

"Treni gani?"

"Namba Tisa."

Bi. Tunu akaketi, akafungua mkoba, akatoa daftari la treni za Taifa. Alilamba kidole, akafunua kurasa, akashuka mstari kwa mstari mpaka kwenye wino mwekundu.

"Namba Tisa imefutwa," Kamishna alisema hatimaye. "Treni hiyo haipo."

"Naam."

"Treni isiyokuwepo haiwezi kuwa na dereva."

"Haiwezi."

"Na dereva asipokuwepo..." Alimtazama tena Chande, kwa makini ya mtu anayetaka kazi yake iende sawa. "Basi ndani ya nyumba hii hakuna mwanamume." Akaandika *Eda inazingatiwa kikamilifu*, akagonga muhuri, akapuliza wino ukauke.

"Karibu mkono, dada," alisema mwanamume ambaye hakuwamo.

Bi. Tunu alisita, akanawa, akala, na kwa heshima ya ofisi yake akapewa kichwa cha samaki. Alipomaliza alifunga mkoba, akaenda hadi mlangoni, lakini hakutoka. Alikuwa na mjane mwingine wa kumkagua kabla ya jioni, na mjane huyo alikaa Mtambani. Akatazama nje, akatazama saa yake, kisha akamgeukia Siwema, akashusha sauti ili serikali isisikie, na kumwomba amwambie treni hiyo isiyokuwepo inaondoka saa ngapi.